Dramu za umeme na besi kwenye chumba kidogo: spika ipi ununue?

Mama mwenye nyumba wetu hapa Sakina hakuja kulalamika kelele. Alikuja kuuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Hebu niambieni, hicho chombo chenu kinapiga nini? Wimbo siusikii. Nasikia kabati langu la vyombo."

Sahani zake zilikuwa zinacheza, upande wa pili kabisa wa nyumba, na sisi humu ndani tulikuwa tunanung'unika kwamba kiki, ile dramu kubwa ya mguu, haisikiki. Siku hiyo nilikubali kwamba tumenunua vibaya.

Mdogo wangu anapiga dramu za umeme, mimi napiga gitaa la besi. Tunafanyia mazoezi kwenye chumba cha uani, mita 3 kwa 4, dari la jipsamu likiwa mita 2.7 kutoka sakafuni, na juu yake mabati. Mpaka leo tumepitia sabufa ya sebuleni, kombo ya besi ya kuazima (amplifaya na spika ndani ya box moja), spika mbili za studio, na sasa spika ya jukwaani. Nataka kuziweka kwenye mizani moja, kwa sababu kila wiki kuna kijana wa kwaya Arusha au Moshi anayeuliza swali hili na kujibiwa kwa wati.

Msimamo wangu nautaja mapema, mwenye haraka aishie hapa: chumba kuwa kidogo si sababu ya kununua spika ndogo. Kwa dramu na besi, spika ya inchi 10 au 12 inayotumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake inakaa chumbani kwa amani kuliko ya inchi 5 inayohema. Punguza sauti, usipunguze spika.

Pima chumba kwanza

Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Chukua urefu wa chumba, zidisha kwa mbili, kisha gawanya 340 kwa jibu ulilopata. Urefu wa mita 4 unakupa hezi 42 na nusu, yaani mitetemo kwa sekunde. Upana wa mita 3 unakupa 57, kimo cha mita 2.7 kinakupa 63. Hizo ndizo sauti ambazo kuta zako zinazipenda. Spika ikizigusa, zinaenda ukutani na kurudi, zinajirundika, na chumba kinavuma.

Sasa tazama besi. Uzi wa E ukiachwa wazi hutoa hezi 41, F inayofuata ni karibu 44, uzi wa A ukiachwa wazi ni 55. Uzito wa kiki nao mara nyingi uko kwenye 50 na kidogo hadi 70. Maana yake chumba chetu kinavuma palepale tunapopigia. Mwenye besi ya nyuzi tano ana B ya hezi 31, ila katika chumba cha ukubwa huu hilo ni deni la kulipa baadaye, ukumbini.

Jaribu mwenyewe leo, hata kwa spika uliyonayo. Piga noti moja moja kuanzia E hadi C ya uzi wa A, kidole kwa nguvu ileile. Utakuta moja au mbili zinatuna kama zimewekewa hamira, na jirani yake imesinyaa. Gitaa halina kosa, chumba ndicho kinachosema. Sogeza spika nusu mita kutoka kwenye kona, rudia, usikie inavyobadilika.

Kuna jambo la nyumba zetu pia. Nyumba nyingi za kupanga hapa zimepangana vyumba, na ukuta wa kati mara nyingi unaishia kwenye dari. Juu ya dari ni uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, umefunikwa na bati. Hai-hati, yale matoazi mawili ya mguu, inaishia kwenye pazia lako. Hezi 50 inapanda darini, inatembea, inashuka kwa jirani. Ndiyo maana mama alisikia kabati na hakusikia wimbo.

Dramu za umeme si wimbo wa simu

Muuzaji anapotaka kukuonyesha spika, anaweka wimbo wa Bongo Fleva na chumba kinajaa. Huo wimbo umekwisha kubanwa na kusawazishwa studio: pigo kubwa na sauti ndogo vimeletwa karibu. Moduli ya dramu, kile kisanduku kinachotengeneza sauti zake, inatoa pigo bichi. Unagusa sinea, ile dramu kali ya mbele ya mpigaji, kwa ncha ya fimbo, halafu unaipiga kwa mkono mzima, na tofauti hiyo yote spika inatakiwa iimeze ghafla bila kukwaruza.

Hapo ndipo inapohitajika ninayoiita pumzi ya akiba. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada, kitu ambacho sikio linakitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imeongezeka mara mbili, wati zinahitaji kuzidi kama mara kumi. Spika ya wati 40 iliyofika mwisho wake haiokolewi na ya wati 80.

Mbili za kuziondoa mezani mapema. Spika ya Bluetooth, hata iwe nzuri namna gani, inachelewesha sauti: mara nyingi milisekunde 100 hadi 200. Kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo moja ni milisekunde 125. Mdogo wangu alipiga dakika mbili akashuka kwenye kiti akisema anahisi amelewa. Kama ina tundu la waya, tumia waya. Ya pili ni kombo ya gitaa la solo. Spika yake imetengenezwa kwa sauti za katikati, matoazi yanazama, na kiki inaweza kuichana.

Sabufa ya sebuleni

Wengi tunaanzia hapa kwa sababu ipo nyumbani tayari. Box moja la chini, vispika viwili au vitatu vya juu, rimoti, taa zinazozunguka. Kwa kusikilizia taarabu au mahubiri haina tatizo. Kwa dramu na besi ina kasoro ambayo hakuna kitufe cha kuitibu: box la chini linafanya kazi ya chini tu, vispika vya juu ni vidogo mno, na katikati kunabaki shimo. Kwenye shimo hilo ndimo ulimo mwili wa sinea, na ndimo ilimo sauti ya kidole changu kwenye uzi.

Nikaelewa pia kwa nini sahani zilicheza ilhali kiki hatuisikii. Sikio halitambui kiki kwa mvumo peke yake. Linaitambua kwa ule mgongano wa nyundo, "tak", ambao uko juu kabisa, hezi 2,000 na zaidi. Kazi hiyo ilikuwa imeachiwa vispika vya upana wa kiganja. Sisi tukawa tunaongeza besi ili tuisikie kiki, sabufa iko kwenye kona, chumba kinaipokea, kabati la mama linaitikia. Tulikuwa tunalisha upande ulioshiba.

Kuhusu wati za kwenye katoni: zile za PMPO hazina kipimo chochote kilichokubaliwa. Geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma kinachotaja matumizi ya umeme. Kama kinavuta wati 60 ukutani, hakiwezi kutoa 500 mfululizo. Kwa sababu hiyohiyo ya chumba, muuzaji akikubembeleza uongeze sabufa ya pembeni juu ya spika nyingine yoyote, mshukuru na uondoke.

Spika za studio na spika ya jukwaani

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo nakaa.

Nachukua mbili za kampuni moja ili ulinganisho uwe wa haki. Yamaha HS5 ni ya studio: wufa (spika ya sauti za chini) ya inchi 5, wati 70, kilo 5.3, na karatasi yake inasema inashuka hadi hezi 54. Yamaha DBR10 ni ya jukwaani, ina amplifaya ndani: wufa ya inchi 10, wati 700 za kilele, kilo 10.5, na karatasi yake inasema inashuka hadi hezi 55.

Soma tena. Moja 54, nyingine 55. Anayenunua kwa kusoma karatasi ataona ni sawa, achukue ndogo, abaki na nafasi ya meza. Lakini namba hiyo inasema spika inafika wapi, haisemi inafika na nguvu gani. HS5 inafika hezi 54 kama mtu anayefika kileleni mwa Kibo akikokotwa. Ukiipa kiki bichi kwa sauti ya mazoezi, wufa inaruka mbele na nyuma, upepo unatoka kwa kishindo kwenye tundu la nyuma, na sauti inapasuka. DBR10 kwa sauti hiyohiyo haijaanza kazi.

Na kuna ujanja wa sikio. Tunapopiga kwa sauti ndogo, sikio lenyewe linapoteza besi. Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1933: sauti za chini zinahitaji kusukumwa zaidi ili zisikike sawa na za kati, na kadiri unavyopunguza sauti ndivyo pengo linavyokua. Kwa hiyo mtu wa chumba kidogo, anayepiga kwa sauti ndogo kwa heshima ya jirani, ndiye hasa atakayeongeza besi kwenye kitufe. Inchi 5 haina pa kuiweka hiyo nyongeza. Inchi 10 inayo.

Utaniuliza: E ya hezi 41 itapitaje kwenye spika inayoishia 55? Haipiti yote. Lakini noti ya besi haitoki peke yake, inafuatana na ndugu zake wa 82, 123 na kuendelea, na ubongo ukiwasikia hao unaijaza wenyewe ile ya chini. Isitoshe, chumba cha mita 4 kinaiongezea nguvu sauti ya hezi 42, kwa hiyo hicho kidogo kinachotoka kinapata msaada wa kuta. Upungufu wa spika na tamaa ya chumba vinafidiana. Kwenye ukumbi ningelalamika. Uani hapa nashukuru.

Tuitendee haki spika ya studio. Mkirekodi, mkitengeneza biti kwenye kompyuta, au mnataka kusikia kasoro ya mchanganyo, hiyo ndiyo yenu. Inasema ukweli zaidi, haina ukali, na ukikaa mita moja nayo hupati maumivu ya kichwa. Ya jukwaani ina twita (kispika cha sauti za juu) yenye mdomo mpana iliyokusudiwa kumfikia mtu wa mita kumi. Ukiielekeza usoni kwa mita moja na nusu, hai-hati inakata sikio. Tunaigeuza kidogo ipite begani. Pia ukimya ukiingia inasikika "shii" kwa mbali. Na DBR ina swichi nyuma ambayo wengi hawaigusi: kwenye FOH inaongeza chini na juu, kwenye MONITOR inapunguza chini. Kama chumba kinavuma, weka MONITOR kabla hujailaumu spika. Ile nyingine ya kukata sauti za chini kwenye hezi 100 au 120, mpiga besi aiache imezimwa.

Kuna njia ya kati: spika za studio za inchi 8. HS8 inashuka hadi hezi 38, JBL 308P MkII hadi 37. Hizi zinabeba dramu kwa utulivu kuliko inchi 5, na anayepiga peke yake huku akirekodi ataziona bora kuliko ya jukwaani. Lakini hapo umelipia hezi 40, zilezile ambazo chumba chako kitazigeuza mvumo. Na nyingi zina tundu la upepo nyuma, zinataka kukaa mbali na ukuta. Katika mita 3 kwa 4, ukishaweka dramu na kiti, huo umbali utautoa wapi?

Jambo la mwisho la mizani hii ni la pesa. Spika ya jukwaani inakupa kazi. MC wa sendofu ataikodi, kipaimara kitaikodi, na Desemba Wachaga wakirudi nyumbani Moshi, spika ya kilo kumi inayoingia kwenye bajaji haikai bure wikiendi. Siku ukitaka kuiuza, kanisa lolote dogo litainunua. Spika za studio wanunuzi wake ni wachache.

Spika za dramu zenyewe, na kombo ya besi

Roland wanatengeneza spika maalumu kwa dramu za umeme: PM-100 ya wati 80 na inchi 10, PM-200 ya wati 180 na inchi 12. Zinasikika vizuri, zimekaa chini nyuma ya mpigaji inavyotakiwa, na zina pa kuingizia muziki wa simu. Mpiga dramu asiye na mwenzake asiogope kununua. Kwa watu wawili sioni sababu ya kulipa zaidi kwa kitu cha kazi moja.

Kombo ya besi tuliyoazima ilikuwa ya inchi 12 bila twita. Besi yangu haijawahi kusikika vizuri kuliko siku zile. Dramu ndani yake zilikuwa kama zinapigwa ndani ya gunia. Mwenye uwezo wa maboksi mawili, jibu ni hili: dramu kwenye spika ya jukwaani, besi kwenye kombo yake, kila mmoja na kitufe chake. Kiki na besi vikitoka spika moja vinakanyagana, na hapo inabidi mmoja ahame. Sisi tumeikaza kiki ipande kidogo na kuiongezea ile "tak", besi ikaachiwa chini.

Usichomeke besi moja kwa moja

Kosa hili linaua spika nzuri machoni pa mnunuzi. Gitaa la besi lisilo na betri linataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu moja. Tundu la kawaida la spika au mikisa lina kiloomu kumi na kitu. Ukichomeka hivihivi, sauti inatoka hafifu, imefifia juu, na mtu anarudisha spika dukani. Pitisha kwanza kwenye DI (kisanduku cha kulinganisha ukinzani) au pedali ya besi. Zoom B1 Four inatosha, inakubali betri nne za AA, na tundu lake la kutolea sauti linakubali hedifoni pia. Besi yenye betri ya volti 9 ndani haina shida hiyo.

Kwa upande wa dramu, ukiwa na spika moja tumia tundu lililoandikwa L/MONO kwenye moduli. Ukichomeka R peke yake, baadhi ya tomu zitapotea na utadhani pedi imekufa.

Hedifoni, na sakafu

Hedifoni si mshindani, ni nusu ya jibu. Kuanzia saa mbili usiku sisi hatuwashi spika. Waya unatoka kwenye tundu la hedifoni la pedali yangu, unaingia kwenye moduli pale pa muziki wa simu, kisha kigawanyio kinatupa hedifoni mbili. Chagua za kufunika sikio lote, Audio-Technica ATH-M40x au Sony MDR-7506. Angalia sauti: kipimo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 94 umebaki na saa moja, na mpiga dramu hufika hapo bila kujua.

Hata na hedifoni, nyundo ya kiki inagonga sakafu. Kwenye nyumba ya chini yenye zege juu ya udongo si tatizo kubwa. Kwenye ghorofa, jirani wa chini anasikia "du, du, du" bila wimbo. Tulimsaidia rafiki wa Kijenge kwa ubao juu ya tyubu za baiskeli zilizojazwa upepo nusu, zulia juu yake. Ilipungua sana.

Umeme: washa spika mwisho, zima spika kwanza. Ukikatika, chomoa kabla haujarudi. Stebilaiza ni rahisi kuliko amplifaya mpya.

Ukienda dukani

Beba moduli, besi, pedali na waya zako. Kama mzigo unatoka Kariakoo kwa basi hutaweza kujaribu, basi tafuta kwaya yenye spika ya aina hiyo uombe dakika kumi. Ukivuka Namanga kwenda Nairobi, hesabu ushuru kabla ya kufurahia bei. Na spika za studio uliza bei ni ya moja au ya jozi. Nyingi zinatajiwa bei ya moja, na mtu anafika kaunta akiwa na nusu ya pesa.

Muuzaji akiweka wimbo, mwombe azime. Chomeka moduli, shusha sauti hadi pale utakapopigia nyumbani, mahali ambapo mnaweza kuongea bila kupaza. Mpiga dramu agonge kiki na hai-hati tu, nawe ushike E wazi. Kisha sinea moja kwa mkono mzima. Kama haikupasuka, na "tak" ya kiki inasikika bila kuongeza besi, mwambie afunge mzigo.